Nusu ya Inchi Hamsini na Tano

Jumatatu, 21 Julai

Habari imefika saa nne asubuhi, nikiwa na pini mdomoni. Shule ya Achieng imeingia fainali ya taifa ya soka ya wasichana! Jumapili hii, saa tisa alasiri, na mechi itaonyeshwa moja kwa moja kwenye runinga. Binti yangu ndiye kipa. Nilipiga kelele, pini zikamwagika, na mpaka sasa moja sijaiona. Mteja niliyekuwa nampima suruali ameondoka akitembea kwa uangalifu mkubwa.

Furaha ilidumu hadi saa nane mchana. Ndipo nikakumbuka TV yetu. Ni ile ya zamani yenye mgongo mnene, tuliinunua mwaka tuliooana. Watu wote ndani yake wana rangi ya chai. Mpira hauonekani, unakisiwa. Juzi mke wangu Risper aliangalia harusi dakika ishirini akidhani ni mazishi.

Nimemwambia Risper lazima tununue mpya. Mke wangu ni kiongozi wa Dorkasi, wale akina mama wa kanisa wanaotunza wajane na wagonjwa, na pesa huzitoa kwa kipimo kama dawa ya minyoo. Nilijiandaa kwa vita. Hakukuwa na vita. Alifuta macho kwa kanga, akasema elfu thelathini zile za mabati ya jikoni nizichukue. Anataka kumwona mtoto wake, basi. Masharti ni mawili: inunuliwe dukani, na iwe na risiti.

Nimekubali yote mawili. Kukubali ni bure.

Jioni jirani yetu Maranga akaja kutupongeza. Maranga ni Mkisii, anauza parachichi na ndizi kwa jumla hapa Rodi Kopany, tena ni mzee wa kanisa letu la Sabato. Mtu mwema sana. Simpendi. Akasema naye ananunua TV wiki hii, "ili tumwone msichana wetu vizuri." Wetu! Akaongeza kwamba sebule yake ni pana na ndugu wote wa kanisa wanakaribishwa.

Nimeshaona picha yote. Jumapili kanisa zima litamwangalia binti yangu kwa Maranga. Mimi, baba mzazi, nitakaa kwenye stuli karibu na mlango, nikipewa ndizi. Haitatokea.

Jumanne, 22 Julai

Nimefunga cherehani, nikaenda Homa Bay mjini kufanya utafiti. Dukani nimehudumiwa na msichana anaitwa Liz. Nilimwambia nataka kubwa kabisa. Akauliza kutoka kiti hadi ukuta ni hatua ngapi. Sikujua. Akauliza kazi yangu. Nikasema fundi wa nguo, sare za shule hasa. Akasema, "Kwani baba, wewe hushona suruali bila kupima mtu?" Nilimjibu kwamba napima watu, sipimi kuta.

Lazima nikiri, msichana anajua kazi. Amenifundisha karibu saa nzima na hakuchoka. HD tupu ina mistari mia saba na ishirini, Full HD ina elfu moja na themanini, na TV nyingi za bei nafuu huandikwa maneno makubwa mbele ya boksi halafu herufi ndogo za nyuma zinasema mengine. Nisome nyuma. Nisidanganyike na video za samaki wa rangi zinazochezwa dukani. Niombe taarifa ya habari ya kawaida, nitazame uso wa mtangazaji. Nisimame kando nione kama rangi zinapauka. Iwe na king'amuzi chake ndani, ili antena iingie moja kwa moja. Nibakize pesa ya kifaa cha kuilinda stima ikirukaruka, maana stima yetu inajulikana. Waranti ipigwe mhuri. Na niwashe kabla ya kulipa. Hilo la mwisho aliliandika kwenye karatasi na kulipigia mstari mara mbili.

Halafu akaniambia chaguo langu. Kwa sebule kama yangu, inchi thelathini na mbili, Full HD, elfu ishirini na mbili pamoja na kifaa cha stima. Chenji itanunua mabati.

Inchi thelathini na mbili! Kiuno cha mwalimu mkuu wa hapa ni arobaini na nne, nimekipima mwenyewe Januari. Binti yangu acheze fainali ya taifa ndani ya kitu kidogo kuliko kiuno cha mwalimu mkuu?

Nimemshukuru Liz kwa heshima. Nimeikunja karatasi yake vizuri. Nina mpango nayo.

Jumatano, 23 Julai

Siku ya mafanikio matatu.

La kwanza. Nimempelekea Maranga karatasi ya Liz. Nikamwambia, ndugu yangu, nimechunguza jambo hili kwa ajili yako, nunua hii hapa, thelathini na mbili, usiongeze hata inchi moja. Macho yake yalilegea kwa shukrani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Mungu anibariki. Kesho anaenda kuinunua. Amenaswa! Kila mtu ataona ya kwake ni ndogo pindi yangu itakapoingia.

La pili. Jirani yetu wa upande wa pili, Benta, Mkatoliki, hupeleka omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye migodi ya dhahabu ya Osiri, huko Migori, kila wiki. Leo ameniambia jinsi wanavyoishi kule. Shimo likitoa, mchimbaji hununua TV kubwa kuliko ukuta wake. Shimo likijaa maji, anaiuza kwa bei ya huruma. Sasa hivi mashimo mengi yamejaa maji! Kuna mmoja, Machuki, ana inchi hamsini na tano. Hamsini na tano! Nimempigia. Anataka elfu ishirini na saba. Tena ni Msabato mwenzetu. Kwa hiyo ni kama duka, na mtu wa kanisa ni kama risiti.

La tatu. Ile ya mgongo nimemuuzia muuza mbuzi aliyekuwa anarudi Ogwedhi. Ameifunga juu ya pikipiki kati ya mbuzi wawili. Sababu yangu ni ya kimkakati: Risper akianza kusitasita, hatakuwa na pa kurudi.

Risper amerudi kutoka Dorkasi, akatazama meza tupu, akaniuliza kama tumeibiwa. Nikasema hapana, tumepiga hatua.

Alhamisi, 24 Julai

TV ya Maranga imefika. Nilialikwa kuiona ikiwashwa. Nilienda kwa nia ya kuihurumia.

Mtangazaji wa habari alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi. Miaka yote hii sikuwahi kulijua. Majani ya mti nyuma yake yalihesabika. Nilisimama kando ili nione rangi zikipauka. Hazikupauka. Maranga alikuwa anasoma karatasi ya Liz kwa sauti kama somo la Sabato, akiweka alama kila kipengele, na kila baada ya kipengele anasema, "Asante, Ndugu Frankline."

Nikasema ni nzuri, ila ni ndogo. Mke wake akasema kutoka kitini yeye anaona vizuri tu.

Nimerudi nyumbani nikajilaza kidogo. Si wivu. Ni uchovu.

Ijumaa, 25 Julai

Naandika haraka, jua limeshazama na Risper hataki kuniona nikihangaika na karatasi ndani ya Sabato.

Nimefika Osiri saa sita mchana. Mashine za kusaga mawe zinanguruma kila upande, vumbi limefunika kila kitu, hata kuku ni wa kijivu. Machuki ni kijana mchangamfu, ananiita mzee wangu. TV ilikuwa imeegemea ukuta chini ya blanketi. Alipoifunua, nilirudi nyuma hatua moja ili ienee machoni. Ni uwanja! Unaweza kulaza mtoto juu yake.

Nilikumbuka ule mstari wa Liz uliopigwa mara mbili, nikasema niwashie. Machuki akahuzunika sana. Stima ya kwake imekatwa, na sola yake inaweza balbu mbili na simu. Lakini amenionyesha video kwenye simu yake, TV ikiwa inawaka. Alikuwa ameirekodi kwa karibu, kutoka upande wa kulia. Picha ilikuwa safi ajabu. Video ni ushahidi.

Hata hivyo mimi si mjinga. Nimedai muda wa kuijaribu. Machuki hakubishana hata kidogo! Ameng'oa karatasi ya daftari na kuandika: "Nimemuuzia ndugu Frankline TV moja. Ajaribu siku moja nzima, toka Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama. Ikiwa na shida arudishe ndani ya muda huo." Sahihi yake, sahihi yangu. Saa ishirini na nne! Ni duka gani Homa Bay litakupa saa ishirini na nne ukiwa umelala kwako?

Nimekodi gari la Probox, TV imelala nyuma kwenye blanketi. Nimefika saa kumi na mbili kasorobo. Haikupita mlangoni. Tukatoa kochi, ikapita kwa kulala. Haikuenea kwenye meza. Nikaweka meza ya kukatia nguo. Risper alisimama mbele yake, akaniita baba wa Achieng kwa Kijaluo, akasema, "Wuon Achieng, hii ni TV ama ni kitanda?" Akaomba risiti. Nikampa karatasi ya Machuki. Ameisoma polepole. Halafu akaanza kucheka. Amecheka hadi akakaa chini. Hakuniambia anacheka nini.

Waya ulikuwa mfupi, ikabidi nihamishe meza tena. Plagi ilikuwa mkononi mwangu jua lilipozama. Risper akaanza wimbo wa kufungua Sabato, na nyumbani kwetu wimbo huo ukianza, vitu vya dunia vinazimwa. Plagi nimeiweka juu ya meza, nikaimba.

Ilikuwa ubeti wa pili nilipoelewa kicheko chake.

Jumamosi, 26 Julai, baada ya jua kuzama

Sabato yenyewe ilikuwa tamu. Kwaya iliimba vizuri, kanisa zima lilimwombea Achieng, na Risper alinishika mkono wakati wa sala, jambo asilolifanya kila wiki.

Lakini saa zilikuwa zinakimbia, na muda wangu wa majaribio ulikuwa unaliwa na mahubiri. Siwezi kuwasha TV Sabato. Sitaki na siwezi, na Risper akiwa hai sithubutu. Hata hivyo asubuhi kabla ya kuoga nilipata wazo. Benta ni Mkatoliki. Kidole cha Benta hakina Sabato! Nilimwachia ufunguo. Nikamwomba aingie tukiwa kanisani, achomeke plagi, abonyeze, aone kama inawaka, azime. Nilisema wazi kwamba simtumi kazi. Namwomba tu awe jirani.

Saa saba tulipotoka, Benta alikuwa amekaa nje akichambua omena. Akanikonyeza. Nilibaki nyuma nikamuuliza. Imewaka, akasema. Picha safi kabisa, ameona mwanamke akipika samaki, hata mafuta yalikuwa yanaruka. Nilitaka kumkumbatia. Nimekula chakula cha mchana sahani mbili. Nikalala usingizi wa mtu mwenye haki.

Jua limezama saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, nusu dakika zaidi kwa mujibu wa saa ya Risper. Amefunga Sabato kwa sala. Maranga na mkewe walikuwa wamekuja kuona. Nimebonyeza rimoti kwa madaha.

Imewaka. Nusu.

Upande wa kulia ni mzuri mno, siwezi kudanganya. Rangi zimeiva, nyuso kubwa kama sinia. Upande wa kushoto ni giza tupu, kuanzia katikati hadi ukingoni, kama mtu ametundika koti jeusi. Mtangazaji alikuwa na sikio moja na nusu ya tai.

Nimemwita Benta. Akaja, akatazama, akasema ndiyo, hivyo hivyo ndivyo alivyoiona mchana. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema nilimuuliza kama inawaka, sikumuuliza inawaka kiasi gani. Na yeye alidhani hizi za kisasa ndivyo zilivyo.

Nimempigia Machuki saa kumi na mbili na dakika hamsini. Akasikitika kweli. Akasema muda uliisha dakika tano zilizopita. Nikasema hata ningempigia mchana, simu yake ingekuwa imezimwa! Akauliza kwani mimi simu yangu huwa naiwasha kanisani. Halafu hata ningempata, yeye Sabato hauzi, harudishi, wala hashiki pesa. Kuhusu ule upande, alisema yeye hakuwahi kuona shida, kitanda chake kilikuwa upande wa kulia.

Maranga hajacheka. Hilo ndilo limeniuma zaidi. Ameniwekea mkono begani, akasema, "Ndugu Frankline, kesho kujeni kwangu tu." Nikamwambia hapana, asante, hapa kwangu kumetosha, na watu nimeshawaalika. Sikuwa nimealika mtu. Ikabidi nitoke nikaalike.

Jumapili, 27 Julai

Watu kumi na saba! Wamejaa hadi jikoni. Maranga mwenyewe alikuja na kapu la parachichi, akakaa kwenye stuli karibu na mlango. Nilifurahi kumwona pale.

Nilipanga viti vyote upande wa kulia, watu wakabanana kama wanaopigwa picha ya darasa. Timu zikatoka. Risper aliniminya goti. Tukamtafuta Achieng kwenye mstari. Alikuwa wa kwanza kushoto, gizani. Baadaye kamera ikasogea, tukaona glavu moja, kisha bega, kisha giza tena. Risper alisema, "Ile glavu ni yake," na akaanza kulia. Ni mimi niliyeishona upya kamba ya glavu ile mwezi wa tano.

Kisha mechi ikaanza, na nikagundua goli la Achieng lilikuwa upande gani.

Kipindi chote cha kwanza, kila hatari ilipoelekea kwake, wachezaji walikimbia hadi katikati ya TV yangu wakamezwa. Tunabaki tunasikiliza. Mtangazaji anapiga kelele, kipa ameruka, kipa amepangua, kipa ni hodari! Sisi tunatazama nyasi na mwamuzi. Upande wa pili tulimwona kipa wa wapinzani vizuri sana, hana kazi, anafunga kamba za viatu. Ni msichana mzuri, ana chunusi moja kidevuni.

Dakika ya ishirini na tano nikasimama nikatangaza kwamba nina suluhisho. Tukiipindua TV juu chini, upande wa giza utakuwa kulia, na kushoto kutakuwa na mwanga. Maranga alisita, akasema hana uhakika. Nikamwambia ashike pembe ile. Tukaipindua. Giza likahamia kulia kama nilivyosema! Ila Achieng alihama nalo. Na wale waliobaki walikuwa wanakimbia kwa vichwa. Watu kumi na saba waliinamisha shingo. Mama mmoja wa Dorkasi akasikia kizunguzungu, akapewa maji. Tukairudisha.

Dakika ya thelathini na nane mtangazaji akasema bao. Hatukuliona. Wakalirudia mara tatu, mara zote tatu kushoto. Hata ile hesabu ya mabao wameiweka kona ya juu kushoto, gizani.

Wakati wa mapumziko Maranga alisimama, akasema kwa upole kwamba TV yake iko wazi, hakuna ubaya. Watu walinitazama, mimi nikatazama dari. Wakatoka mmoja mmoja, wakinishukuru kwa chai. Risper alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni, mguu mmoja nje. Akasema, "Twende, baba. Tumwone mtoto." Nikamwambia nitamwona hapa. Akaenda.

Nilibaki na viti. Nitasema ukweli kwa vile hapa hakuna anayesoma: nilijiona mjinga. Mtoto wangu anacheza siku kubwa kuliko zote za maisha yake, na mimi nimekaa peke yangu na nusu ya TV kwa sababu ya kiburi. Nilishaanza kutafuta viatu vyangu.

Ndipo kipindi cha pili kikaanza. Na mimi, niliyeangalia mpira miaka arobaini, nilikuwa nimesahau kwamba timu hubadilishana magoli!

Achieng alikuwa kulia. Achieng mzima, kuanzia nywele hadi viatu, mkubwa kuliko picha yetu ya harusi ukutani. Nilimwona akitema mate kwenye glavu. Nilimwona akiwagombeza mabeki, na mdomo ulikuwa wa mama yake kabisa. Nikapiga kelele jina lake.

Sekunde nne hivi baadaye nikasikia kelele kutoka kwa Maranga. Achieng akapangua shuti, nikapiga kelele. Sekunde nne, wao wakapiga kelele. Antena yangu inaliwahi lile dishi la juu ya paa lake! Kila jambo mimi nalijua kwanza. Kwa Maranga wakawa wanafahamu yatakayotokea kutokana na koo langu. Mtu mmoja alitoka nje akaniomba ninyamaze, ninawaharibia. Nikaongeza sauti.

Dakika ya sabini na tisa, penalti dhidi yetu. Nikanyamaza. Mlango ukafunguliwa, ni Risper, anahema, viatu mkononi. Akasema hawezi kukaa kule akisubiri koo la mtu mwingine limwambie mtoto wake amefanya nini. Akajibana kando yangu kwenye kochi, upande wa kulia.

Mpigaji akarudi nyuma hatua tano. Achieng akapanua mikono. Akaruka kulia kwake, na mpira ukagonga ile glavu, ile ile, ukatoka nje.

Risper alinirukia tukaanguka na kochi. Hatukuinuka haraka. Tulilala pale sakafuni tukicheka, na sekunde nne baadaye nyumba ya Maranga ikalipuka.

Wamefungwa moja bila. Lakini kwa TV yangu mechi ilikwisha bila kwa bila.

Jumapili, jioni

Achieng amepiga kwa simu ya mwalimu. Sauti ilikuwa chini. Akauliza, "Baba, uliniona?" Nikamwambia nilimwona penalti yote, mpaka uzi wa glavu. Akasema lile bao lilikuwa kosa lake, alitoka golini mapema, na nchi nzima imeona.

Nikamwambia hapana. Hapa nyumbani kulikuwa na watu kumi na saba, na hakuna hata mmoja aliyeliona lile bao.

Akacheka, akavuta kamasi, akasema, "Asante, baba." Alidhani namfariji. Nilitaka kumweleza ukweli ulivyo, lakini Risper akaninyang'anya simu.

Baadaye amenikaangia samaki bila kuombwa. Mabati ya jikoni bado yanavuja, na hajayataja. Mimi ni mtu mwenye bahati.

Jumatano, 30 Julai

Wiki imekuwa njema. Oda za sare zimeongezeka, kila mtu anataka kushonewa na baba wa kipa. Jana kwenye kikao cha kanisa Maranga alisimama akanishukuru mbele ya wote kwa ushauri wangu wa TV. Tangu hapo watu watatu wamekuja kuniuliza wanunue ipi. Nimewanakilia karatasi ya Liz kwa mwandiko wangu. Nimewasisitizia sana ule mstari wa mwisho, wawashe kabla ya kulipa. Watu hawako makini.

Nimechukua pia tepu nikapima, kwa haki tu. Nusu yangu ina upana wa sentimita sitini na moja na kimo sitini na nane. Ya Maranga, nzima, ni sabini na moja kwa arobaini. Kwa eneo la kitambaa, nusu yangu inamshinda. Ningeweza kuikatia sketi ya darasa la tatu, yeye angepata kaptula. Nimemwambia. Amefurahi kwa ajili yangu.

Mchana huu Machuki amenipigia. Amesikia habari za penalti, hata Osiri wameongea. Dhamiri imemsumbua, akasema, na ametafuta njia ya kunisaidia. Kuna mchimbaji mwenzake ana inchi hamsini na tano, kampuni ile ile, mwaka ule ule. Hiyo upande wake wa kulia ndio umekufa. Wa kushoto ni safi kabisa!

Nilikaa chini. Moja ina kulia, nyingine ina kushoto. Nikiziweka sambamba kwenye meza ya kukatia nguo, antena moja, waya wa kugawa, nina TV kamili. Itabaki pengo kidogo katikati, lakini katikati mwa uwanja huwa hakuna mambo. Na ataniachia kwa bei ya nusu, kwa kuwa ni nusu. Mabati yatasubiri, mvua yenyewe bado.

Risper nitamwambia ikishafika. Nimewaza pia masharti yake, sijayasahau. Ni mtu wa kanisa, na risiti ataandika.

Safari hii nimekuwa mkali. Nimemwambia Machuki sipokei kitu bila muda wa kukijaribu, nimeshajifunza. Hakubishana hata kidogo. Ataileta mwenyewe hadi Rodi, Ijumaa jioni, na amenipa siku nzima, mpaka Jumamosi jua likizama. Nimekubali papo hapo, kabla hajabadilisha mawazo.